Mashine Iliyompenda Msinziaji

Ukitaka kuheshimika Musoma, usifanye kazi isiyoonekana. Mvuvi wa Mwigobero ana sato wake mkononi. Dereva wa boda ana pikipiki. Hata dalali ana simu mbili na sauti. Mimi kazi yangu ni kukaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya mgongo wa mtu mwingine, nikiitazama kompyuta ambayo haijaharibika bado, nikisubiri iharibike.

Baba mkwe wangu yuko Butiama, si mbali na Mwitongo alikozikwa Mwalimu Nyerere. Siku niliyomweleza kazi yangu alikuwa kwenye bao, akasikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Mkwe," akasema, "kwa hiyo wewe hutengenezi. Unatazama?"

"Ndiyo, baba."

"Na wanakulipa?"

"Wanachelewesha, baba, lakini wanalipa."

Akasogeza kete zake taratibu. "Basi usiwaambie wengine."

Kwa wasio na mkwe wa kuwahoji, kazi yenyewe ni hii. Maji ya Ziwa Victoria hayapandi vilima vya Mara kwa hiari yake. Yanasukumwa na pampu, na pampu zinaamrishwa na kompyuta ndogo isiyo na skrini, iliyofungiwa ndani ya kabati la chuma ukutani; mafundi huiita PLC. Hiyo haina maneno wala likizo. Lakini binadamu hataki tu mambo yaende, anataka kuyaona yakienda. Ndiyo maana chumba cha udhibiti kina kompyuta nyingine, ya kawaida kabisa, yenye Windows, inayomchorea opereta matangi, mabomba na namba zinazobadilika. Hii ya pili ikifa, pampu hazipewi taarifa ya msiba. Zinaendelea na kazi. Anayebaki kipofu ni opereta.

Sasa, kompyuta ya kituo kimoja cha ufukweni ilikuwa na tabia ya kulegea. Kituo sikitaji, maana bado kuna kikombe chao nyumbani kwangu. Ukiiwasha asubuhi, kurasa zilifunguka kabla hujaondoa kidole kwenye kipanya. Siku zikisogea, ukurasa wa pampu ulianza kufunguka kwa kufikiria. Baadaye mshale ukawa unaruka hatua mbili na kupumzika moja. Mwisho wake kila kitu kiliganda, na opereta akabaki akiitazama picha ya pampu iliyosimama huku akizisikia pampu zenyewe zikinguruma nje.

Mkoa wetu hauna uhaba wa matabibu wa kompyuta. Wa kwanza alikuwa mlinzi. Alisema ni wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda kwa wingu jioni na kuingia hadi kwenye uji. Tulipofungua kasha tukakuta wadudu wa kutosha kufungulia mradi wa kuku. Tukasafisha, feni ikapumua, mashine ikapoa vizuri sana, kisha ikaganda ikiwa baridi.

Wa pili alikuwa mhasibu. Yeye alisema ni umeme, akaidhinisha stabilaiza. Watu wote wa ofisini wakaanza kuchajia simu hapo, na simu zao kwa kweli ziliimarika. Wa tatu alikuwa kijana wa TEHAMA, aliyesema ni vairasi, akachomoa mfukoni flashi yenye dawa. Nikamshika mkono hewani. Kompyuta za mitambo hazichomekwi flashi ya mtu, na flashi ile, tulipoipima kwenye kompyuta nyingine, ilikuwa na nyimbo za harusi, barua ya maombi ya kazi na vairasi wake mwenyewe.

Wa nne alikuwa mpishi. Hakugusa mashine. Aliweka sufuria chini, akasema, "Mbona inakufa zamu ya yule dada tu? Muulizeni kwao kuna nini." Maneno hayo nayaomba myahifadhi. Yalikuwa ya chuki, lakini ndani yake kulikuwa na kipimo.

Meneja hakutaka mambo ya kwao. Alitaka RAM. Nilimwambia tupime kwanza, akaniambia mimi ni mtu wa kupima na yeye ni mtu wa kuamua. Tukaenda duka moja mjini.

"Ya laptop au ya mezani?" muuzaji akauliza.

"Ya mtambo wa maji," meneja akajibu kwa fahari.

Muuzaji akatutazama upya, kuanzia viatu. "Ahaa. Hiyo mzee, bei yake ni nyingine."

Tatizo ni kwamba programu ile ya kuchora matangi ilikuwa ya zamani, ya biti 32. Programu ya namna hiyo kwenye Windows kwa kawaida hupewa nafasi ya gigabaiti 2 za kujidai nazo, basi. Ukiijazia kasha RAM hadi mfuniko usifungike, yenyewe haivuki mpaka huo. Kwa hiyo tulipoongeza, mashine iliganda kwa mwendo uleule, ila safari hii ikiwa na risiti ya EFD.

Hapo nikaombwa nieleze ugonjwa kwa lugha ya kikaoni. Nikasema kumbukumbu ya kazi ya kompyuta ni meza ya mama ntilie. Mteja anakuja, anawekewa sahani, anakula, anaondoka, sahani inatolewa, mwingine anakaa. Meza ikijaa saa saba mchana, hiyo si shida, hiyo ni biashara. Shida ni pale sahani za walioondoka zinapobaki mezani. Ugali upo, samaki wapo, wateja wamepanga foleni, na hakuna pa kuweka sahani hata moja. Programu yetu ilikuwa inaomba nafasi, inaitumia, kisha hairudishi. Mafundi husema kumbukumbu inavuja, ingawa hakuna kinachodondoka. Ni nafasi inayoshikiliwa bila kazi. Meneja akaniuliza kama mama ntilie huyo hawezi kufukuzwa. Nikasema huyo ndiye programu iliyonunuliwa. Kikao kikafungwa kwa sala.

Waliotuuzia programu nao waliandikiwa. Jibu likaja haraka, la adabu, lenye salamu ndefu kuliko ushauri: zimeni, kisha washeni. Na ni kweli, kuzima na kuwasha husafisha kumbukumbu yote. Ubaya wake ni kwamba husafisha na ushahidi. Dunia imeishi hivyo miaka mingi. Windows 95 na Windows 98 zilikuwa na kihesabio cha milisekunde kilichojaa baada ya siku 49.7 za kuwaka mfululizo, na kompyuta ikaganda. Kasoro hiyo ilichukua muda mrefu kugunduliwa, kwa sababu kompyuta ya zama zile kufikisha siku zote hizo bila kuganda kwa sababu nyingine ulikuwa ni muujiza.

Kuganda ofisini kunachelewesha barua. Kwenye mtambo kuna mambo zaidi. Kituo kile kilikuwa na tangi moja la mlimani ambalo halikuwa limeunganishwa kwenye utaratibu wa kujizima. Opereta ndiye aliyetazama namba na kuzima pampu kwa mkono. Usiku mmoja skrini iliganda ikionyesha tangi liko nusu. Opereta akaiamini, kwani skrini iliyoganda haina aibu, inaonyesha namba yake kwa uso mkavu. Alfajiri, kule juu, maji yalikuwa yakishuka mtaani kwa uhuru, na akina mama walishatoka na mabeseni, wanafua mapazia, wanamshukuru Mungu na serikali kwa mpangilio huo. Meneja alipofika kwa gari, akashangiliwa. Aliniambia baadaye kwamba hajawahi kushangiliwa kazini, na kwamba ilimuuma.

Wenzetu waliwahi kuyapata makubwa zaidi. Tarehe 14 Agosti 2003, katika chumba cha udhibiti cha kampuni moja ya umeme jimboni Ohio, Marekani, programu ya kengele za tahadhari ilikwama mchana kimyakimya. Matukio yasiyoshughulikiwa yakajazana kwenye kumbukumbu hadi seva ikaanguka. Seva ya akiba ikapokea kazi pamoja na mzigo uleule, ikaanguka nayo. Watu wa vituo vingine wakapiga simu kuuliza kulikoni, na maopereta wakitazama mbele yao hawaoni kengele yoyote. Ilipofika jioni, watu takribani milioni 50 wa Marekani na Kanada walikuwa gizani. Niliposoma habari hiyo kwa meneja, aliuliza kama nao waliongeza RAM.

Mwishowe nikapewa ruhusa ya kufanya kazi yangu, yaani kutazama. Nikanunua kauntabuku. Maopereta tayari walikuwa wanaandika kimo cha tangi na presha ya bomba kila saa. Nikawaongezea safu tatu: kumbukumbu iliyotumika kwa jumla, kumbukumbu iliyoshikwa na ile programu peke yake, na mtu alikuwa anafanya nini. Namba moja ya kumbukumbu haikuambii kitu. Kubwa inaweza kuwa ya afya, ndogo inaweza kuwa ya mgonjwa aliyetoka kuzimwa. Kinachosema ni mwendo wake: inapanda lini, na ikipanda, inashuka?

Daftari likasema haipandi mchana, inapanda usiku. Na si usiku wote, bali usiku wa yule dada. Mpishi akapewa taarifa, akatembea siku nzima akiwa amevimba kifua.

Ikazungumzwa habari ya kumhamisha. Uzuri ni kwamba upande wa Bunda kulikuwa na kituo kingine chenye kompyuta ileile, programu ileile, toleo lilelile, na hiyo ilikuwa haijawahi kuganda. Watu walisema Bunda kuna baraka. Nikapanda haisi, tukapita Makutano na Kiabakari, nikafika kuitafuta baraka hiyo saa ya usiku. Nikamkuta mzee wa zamu, mtu wa heshima zake, amejifunika koti la mvua, amelala. Kwenye skrini kulikuwa na ukurasa mmoja tu, ule wa mwanzo, uliokuwapo tangu alipoingia na ambao ungekuwapo hadi atakapotoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mura. Nilikuwa nasikiliza pampu."

Nikarudi Musoma na jibu nusu. Nikamwomba dada wa usiku aendelee na kazi kama kawaida, nami nikaketi nyuma yake. Ama kweli nimeona watu wanaofanya kazi! Alifungua ukurasa wa pampu ya kwanza, akaenda wa pili, akaangalia joto la mota, akarudi, akaangalia tangi, akarudi tena kwenye pampu. Hakusinzia, hakushika simu. Kila alipofungua ukurasa wa pampu, kumbukumbu ilipanda kidogo. Alipoufunga, haikushuka.

Tukachukua kompyuta ya akiba, isiyounganishwa na pampu yoyote, tukafungua kurasa moja baada ya nyingine, kila mmoja mara nyingi, tukiandika. Ukurasa wa matangi: salama. Ukurasa wa kengele: salama. Ukurasa wa pampu: unapanda. Ulikuwa na kijigrafu pembeni, cha kupendeza macho, kinachoonyesha mwendo wa presha. Kila ukurasa ulipofunguliwa kilizaliwa kijigrafu kipya, na ulipofungwa kile cha zamani hakikufa. Kilibaki ndani, hakionekani, kimeshika nafasi. Tukakiondoa, tukafungua ukurasa hadi vidole vikauma. Namba ikatulia.

Maana yake ni kwamba mashine ile ilikuwa inamfia anayefanya kazi na kumlinda anayelala. Opereta bora wa mkoa alikuwa anaitwa mwenye mkosi, na msinziaji wa Bunda alikuwa anahesabiwa kuwa ni baraka. Mpishi hakukosea kuona, alikosea kuhukumu.

Nikawapelekea wauzaji kurasa za daftari. Safari hii hawakusema zimeni mwashe. Wakatuma toleo lililorekebishwa. Tulipokuwa tunalisubiri, tulizima na kuwasha kwa ratiba, mchana, watu wawili wakiwapo, kompyuta moja kwanza kisha nyingine, ili chumba kisibaki bila jicho hata dakika moja. Pia tukaweka saa yenye sekunde pembeni mwa skrini: sekunde zikisimama, usiamini namba yoyote, inua simu. Tangi la mlimani nalo likaunganishwa kujizima. Akina mama wa mtaani hawakufurahi.

Dada hakuhamishwa. Mzee wa Bunda naye amebaki palepale, ila siku hizi safu ya tatu ya daftari inamtaka aandike anachofanya, na kila saa, kwa mwandiko mzuri, anaandika: "Nasikiliza pampu."

Nawe msomaji, kompyuta ya kazini kwako ikianza kulegea, usikimbilie duka, usikimbilie flashi ya mtu, na wala usimtazame vibaya mwenzako. Andika saa, andika namba, andika kilichokuwa kinafanyika. Na kama kuna mmoja ambaye vitu humharibikia mkononi kila mara, hebu chunguza kwanza kama si yeye peke yake anayevitumia.