Sifa za Pawa Saplai ya Wati 240

Katika orodha za vipuri ambazo vijana huandika wanapotaka kuigeuza kompyuta ya ofisi ya mtumba iwe ya gemu, kuna kifaa kimoja ambacho hakipewi mstari wake. Grafiki kadi hukaa juu kabisa, imepigiwa mstari mara mbili. Chini yake huja prosesa, ramu, SSD, na feni za taa za rangi ambazo zikizimwa taa hakuna anayezikumbuka tena. Pawa saplai, lile sanduku la bati lililojibanza pembeni mwa kesi, hukumbukwa siku ya mwisho, tena kwa kulaumiwa. Ikiwa ni ile inayokuja na Dell OptiPlex 7010 ya kesi ndogo, yenye wati 240 tu, basi imeshahukumiwa kabla ya kesi kufunguliwa: ni dhaifu, ni ya kizamani, ndiyo inayowazuia watu kufaidi. Mimi naona imeonewa vya kutosha. Nashikilia kwamba kifaa hiki duni ndicho mshauri bora aliyepata kukaa ndani ya kompyuta, na kwamba mtu anayepanga vipuri angeanza na maneno yake, angelala mapema na hela zake zingebaki mfukoni. Hoja hii ina nguvu popote, lakini nitaipimia Lyulilo, kwa sababu huko makosa ya kuagiza yana bei ya ziada.

Lyulilo iko Kyela, kandokando ya Ziwa Nyasa, mashariki kidogo ya Matema, pale ambapo Milima ya Livingstone inashuka karibu mpaka majini. Watu wa mbali wanaijua kwa soko lake la Jumamosi na vyungu vya Wakisi vinavyovushwa kutoka Ikombe. Kwa grafiki kadi haijulikani. Kipuri kikitakiwa kinatoka Mbeya mjini, au Kariakoo, kinakabidhiwa basi, kinashushwa Kyela, kinapita Ipinda, ndipo kifike Matema kikiwa kimeshabadilisha mikono ya kutosha. Kikiwa siyo chenyewe, kinarudi njia ileile kwa nauli ya aliyekosea. Muuzaji aliye Dar es Salaam hapati hasara yoyote kwa mteja kuchagua vibaya, na rafiki aliyemshauri mteja alikuwa anazungumza tu. Ndani ya biashara yote hiyo ni mmoja pekee asiye na faida ya kumdanganya mtu, naye ni sanduku la bati lenye karatasi ya namba ubavuni.

Tuzisome namba zenyewe. Prosesa ya Core i5-3470, ambayo ni ya kawaida katika mashine hizo, imekadiriwa wati 77. Mazabodi, ramu, SSD na feni tuzipe 40 kwa ukarimu. Nafasi ambayo grafiki kadi inachomekwa kwenye mazabodi, kwa kanuni ya viwanda, haitoi zaidi ya wati 75, na pawa saplai hii haina waya wa ziada wa kuilisha kadi. Jumla 192. Zinabaki wati 48 za kupumulia. Hapo hesabu imeisha, na orodha iliyokuwa ya kurasa mbili imegeuka mistari minne. RTX 3060, inayotaka wati 170 na pawa saplai ya 550, imeondoka yenyewe bila kufukuzwa. RTX 4090, inayokula wati 450 peke yake, yaani karibu mara mbili ya chakula cha mashine nzima, haikustahili hata kutajwa, ila ndiyo hutajwa kila mara. Mama wa Ikombe anayepakia vyungu kwenye mtumbwi kwenda sokoni haanzi na idadi anayotamani kuuza. Anaanza na kimo cha ubao juu ya maji. Mpanga vipuri huanza na anachotamani, halafu hushangaa kwa nini maji yameingia.

Kuna watakaosema huo ni utumwa uliopewa jina la hekima: kwamba wati 75 za kadi hazichezeshi chochote cha maana. Ushahidi unasema vingine. GTA V ilipotoka kwa kompyuta mwezi Aprili 2015, watengenezaji wake waliweka wazi mashine wanayoipendekeza, na prosesa ya Intel waliyoitaja ni hiyohiyo i5-3470. Ramu walitaka gigabaiti 8. Kadi walitaja GTX 660, na hapo pawa saplai yetu ilikuwa imekwama kweli, maana GTX 660 ina wati 140 na inadai waya wake wa pembeni. Ikafanya nini? Ikasubiri. Oktoba 2016 ikatoka GTX 1050 Ti, yenye nguvu kuishinda ile 660, kwa wati 75, bila waya, na baadhi ya matoleo yake yakaja katika umbo la nusu kimo linaloingia kwenye kesi ndogo. Februari 2024 ikatoka RTX 3050 ya gigabaiti 6, wati 70, nayo haina waya. Mtu aliyeitukana pawa saplai mwaka 2015 na kununua kubwa alilipa ili asisubiri mwaka mmoja na nusu. Aliyeitii aliletewa kadi bora zaidi mpaka mlangoni. Naomba isemwe pia kwamba mwishoni mwa 2022, baadhi ya wenye RTX 4090 walikuta plagi zake za umeme zimeyeyuka kwa moto. Kwa plagi ambayo haipo, msiba wa aina hiyo hauwezekani.

Sasa tuje kwenye LUKU, ambako wasifu wa sanduku hili unanoga. Katika viwango vya TANESCO vilivyoanza 2016, mteja mdogo wa nyumbani, yule wa daraja la D1, hulipa takribani shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Akivuka, kila uniti ya ziada ni 350, na akizoea kuvuka anahamishiwa T1, ambako uniti ni shilingi 292 hivi. Chukua mashine ya kifahari inayovuta wati 500 wakati wa gemu. Saa 5 kwa siku, siku 30: uniti 75 kamili. Yaani gemu peke yake imemaliza fungu lote la nyumba kabla taa haijawashwa, kabla simu ya mtu yeyote haijachajiwa, na jokofu likiwa bado linaangaliwa tu. Mashine yetu ikicheza kwa bidii ikavuta 160 ukutani, kwa saa zilezile inamaliza uniti 24. Kwa hiyo wazazi wanaolalamikia kompyuta wanailalamikia bure. Wangeijua pawa saplai ya wati 240 wangeiombea maisha marefu, kwa kuwa ndiyo mtu mzima pekee katika chumba kile anayekataa kabla ya bili kufika.

Umeme unapokatika nao una lake la kusema. UPS ndogo ya VA 650, ile inayobebwa mkono mmoja, kwa kawaida hutoa kama wati 360 au pungufu. Ikibebeshwa mashine ya wati 500 inapiga kelele na kuzima papo hapo, na mechi imepotea. Ikibebeshwa hii ya kwetu inakupa dakika kadhaa za kuhifadhi ulipofikia na kuzima kistaarabu. Mwenye mashine kubwa atahitaji UPS kubwa, na UPS kubwa ina betri kubwa, na betri kubwa nayo itapanda basi. Vipuri vina tabia hii: hakuna kimoja kinachosafiri peke yake.

Kisha hali ya hewa. Tukuyu huko juu kuna baridi ya kuvaa sweta. Lyulilo iko chini, ziwani, chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, ambako joto na unyevunyevu haviombi ruhusa. Kila wati inayoingia kwenye kompyuta hutoka ikiwa joto chumbani, hakuna inayopotelea njiani. Wati 500 ndani ya chumba cha bati ni jiko. Ili jiko hilo lisijiunguze linahitaji feni nyingi zinazovuta hewa nyingi, na hewa ya kando ya Ziwa Nyasa siyo hewa tupu. Kuna misimu ambayo wadudu wadogo huinuka kutoka ziwani kwa mawingu yanayofanana na moshi wa shamba linaloungua, wengi kiasi kwamba watu wa kando ya ziwa wamekuwa wakiwakusanya na kuwala. Wadudu hao hufuata mwanga usiku. Hebu fikiria feni tano za taa za zambarau, kesi ya kioo, dirisha wazi kwa ajili ya joto. Hakuna mtego mzuri zaidi uliowahi kubuniwa, na mwenye mtego analipia taa. Feni ya OptiPlex, nyeusi na isiyo na mapambo, inazunguka polepole kwa kuwa haina joto kubwa la kufukuza. Ukifungua baada ya muda utakuta vumbi kidogo na mabawa machache kwenye mapezi ya kipozeo, yanayotoka kwa brashi ya rangi.

Pingamizi zito ni hili: si ibadilishwe tu? Pawa saplai yenye maandishi ya wati 650 haiuzwi ghali hata kidogo. Ni kweli haiuzwi ghali, na ndiyo sababu ya kuiogopa. Wati zinazoandikwa kwa wino mkubwa juu ya sanduku ni za kumfurahisha mnunuzi. Prosesa na grafiki kadi hulishwa hasa na njia ya volti 12, na nguvu ya njia hiyo imeandikwa kwa herufi ndogo, kwa ampea. Zidisha. Sanduku la "650" linalokiri ampea 20 kwenye volti 12 limekiri wati 240, yaani umesafirisha kutoka Kariakoo kile ulichokuwa nacho, kikiwa chepesi zaidi. Tena haliingii: kesi ndogo ya Dell ina umbo lake la pawa saplai, na sanduku la kawaida litabaki nje limelala ubavu kama mgonjwa, nyaya zikipita kwenye tundu. Ndugu zake waliofuata, kama OptiPlex 9020, hata plagi ya mazabodi ni ya Dell wenyewe na inahitaji waya wa kugeuza. Wapo wanaoona huo ni uchoyo wa kiwanda. Pengine ndivyo. Hata hivyo uchoyo huo umeziokoa pesa nyingi za watu wasioujua.

Gemu mpya je? Hapo mteja wangu anakubali shitaka. Alan Wake 2 ya 2023 haikukusudiwa kadi za umri wa 1050 Ti, na Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 inadai kadi yenye uwezo wa kufuatilia miale na inaanzia RTX 2060 Super. Lakini gemu hizo nazo ni za makumi ya gigabaiti, na anayezipakua kwa bando la simu ana tatizo lililotangulia la kadi. Wengine huleta habari ya Windows: kwamba Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inazitambua rasmi prosesa za kizazi cha 8 kwenda mbele, huku i5-3470 ya mwaka 2012 ikiwa ya kizazi cha 3. Yote kweli, na yote hayaihusu pawa saplai, ambayo haijawahi kuuliza kompyuta inaendeshwa na nini. Mashine zilizokataliwa na ofisi ndizo zinazofika kwetu kwa bei inayofikika, na Linux yenye Proton, iliyoanza 2018, inaendesha sehemu kubwa ya gemu za Windows. Zile za mtandaoni zenye programu za kuzuia udanganyifu ndizo zinazosumbua.

Limebaki la umri. Ndiyo, ni mzee. Kapasita zake zimekaa miaka kumi na zaidi katika joto la ofisi za watu, na kuna siku haitawaka. Ila angalia namna ya kufa. Zile za kiwanda kikubwa zina ulinzi, na zikizidiwa kwa kawaida hujizima. Za bei poa zina sifa ya kuondoka na mazabodi. Na kabla ya kulipia kadi yoyote, hata ya wati 75, ni vizuri kusoma kitabu cha mashine husika, kwa kuwa baadhi ya kompyuta za ofisi zimewekewa kikomo cha chini zaidi kwenye nafasi hiyo ya kadi. Orodha basi inabaki hivi: SSD kwanza, maana ndiyo mabadiliko yanayoonekana siku ya kwanza; ramu ifikie gigabaiti 16, vipande viwili vinavyofanana; kadi ya nusu kimo; na brashi. Bei ya pawa saplai kwenye orodha hiyo ni sifuri, na hakuna muuzaji atakayeitetea.