Rufaa ya Darubini

Histeroskopia, yaani kipimo ambacho daktari hupitisha darubini nyembamba yenye kamera, isiyozidi unene wa milimita chache, kwenye mlango wa kizazi ili autazame mfuko wa uzazi kwa ndani bila kupasua, aghalabu huchukua dakika chache. Safari ya kukifikia, kwa mwanamke wa Tanzania aanzaye zahanati akapandishwa kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, kisha ya kanda, haina haraka hiyo. Njiani hurudiwa ultrasaundi ileile, kana kwamba kinyama kinachoshukiwa kuota ndani ya mfuko wa uzazi kingeona haya kikajitoa chenyewe. Barua ya rufaa nayo, yenye muhuri wa bluu uliokolea kuliko maelezo, humwarifu bingwa kwamba mgonjwa ameletwa “kwa uchunguzi zaidi”, jambo ambalo mgonjwa alikwisha kulijua tangu zahanati.