Namna ya Kufinyanga Kahawa Isiyonyweka

Mwongozo huu haumfai mwenye haraka. Mwenye haraka akapike chapati. Kauri baridi hutaka usiku mzima wa kupumzika baada ya kupikwa, kisha siku kadhaa za kukauka, wakati mwingine wiki, na katikati ya hapo utakuwa umeviringisha punje za kahawa mpaka vidole visahau kazi nyingine. Lakini ukishaiona imekauka, ngumu na nyororo, utakubaliana nami kwamba hakuna kizuri kuliko hicho kilichowahi kutoka kwenye sufuria bila kuliwa.

Kauri ya kweli huhitaji udongo maalumu na tanuri lenye joto linalopita nyuzi 1,200. Hii huhitaji wanga, gundi nyeupe, mafuta kidogo na limau, halafu hewa. Inapendwa sana Amerika ya Kusini, hasa Argentina, na watu huko huitumia kupambia keki za harusi. Kwetu Karagwe na Kyerwa, mtu wa Kayanga, Omurushaka au Nkwenda anaweza kuvipata vyote siku moja akabakiwa na muda wa kusalimia jamaa.

Anza na mazungumzo, maana sufuria ina mwenyewe. Gundi ikishapikwa ndani yake, sufuria hiyo isirudi tena kwenye maharage, na mwiko wake vilevile. Mwendee mwenye jiko kwa adabu: "Shikamoo mama, naomba ile sufuria ya zamani, na sitairudisha." Akijibu, "Marahaba mwanangu, ya nini?" mweleze ukweli wote, na gundi uitaje mwanzoni. Sanaa iliyoanza kwa kuiba mwiko haifiki mbali, kwa sababu mwiko utatafutwa saa sita mchana.

Wanga wa mahindi wa pakiti, ule wanaotumia wapishi wa keki, unafaa kabisa. Sembe haifai, hata ikobolewe namna gani. Itakupa donge lenye chengachenga. Chaguo langu, na ninalisema kwa moyo wote, ni wanga wa muhogo, kwa kuwa shamba liko nyuma ya nyumba. Menya muhogo mbichi, ukune, uloweke kwenye maji mengi, kisha ukamue kwa kitambaa safi. Yale maji meupe yaache yatulie kwa saa kadhaa. Wanga utazama na kushikamana chini ya beseni. Mwaga maji ya juu, weka mengine, koroga, acha utulie tena, urudie mpaka maji ya juu yawe maangavu. Anika mpaka ukauke kabisa, ponda, chekecha. Unga wa makopa usijaribu, kwa sababu una nyuzi zote za muhogo. Na yale maji ya kwanza usimpe mbuzi, hasa kama muhogo wenyewe ni mchungu: yamebeba sumu.

Gundi iwe ile nyeupe ya mafundi seremala, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Ni gundi ya maji, na ndiyo maana inapikika. Gundi ya fundi viatu isikaribie jiko hata kwa bahati mbaya. Mvuke wake unawaka moto, na hapo utakuwa umehama kutoka ufinyanzi kwenda zimamoto.

Pima kikombe kimoja cha wanga, kikombe kimoja cha gundi, vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya watoto au glisirini, na vijiko viwili vya maji ya limau au siki nyeupe. Limau ni kwa ajili ya kuvu; ukiliacha, kazi yako itaota manyoya ya kijani kabla ya kumfikia mnunuzi. Changanya vyote vikiwa baridi mpaka madonge yaishe, ndipo uweke kwenye jiko la mkaa lenye moto mdogo, nje au penye hewa ya kutosha, maana mkaa unatoa hewa ya sumu. Kuni ziache zipikie ndizi. Masizi yanapenda kitu cheupe.

Koroga bila kupumzika. Itaanza kuwa mabongemabonge na utadhani imeharibika. Haijaharibika, endelea. Itakapojikusanya na kuachia sufuria kama ugali ulioiva, iipue saa hiyohiyo. Ukiipika kupita hapo, itapasuka ikikauka. Ukiiwahi, itakunata vidoleni mpaka uichukie. Kisha iondoe machoni pa watu wenye njaa kabla hawajaleta mboga.

Ikande ingali na joto, mikono ikiwa imepakwa mafuta, na uongeze rangi nyeupe kidogo, la sivyo ikikauka itapitisha mwanga na weupe wake utapotea. Miongozo mingi itakuambia uifunge kwenye mfuko wa plastiki. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo tumia kopo lenye mfuniko unaobana. Paka donge mafuta, lishindilie mpaka nafasi ya hewa iishe, funika, ulale.

Sasa, cha kufinyanga. Hapa nina msimamo na sitaupunguza. Mafunzo ya kauri baridi hupenda kuanza na ua la waridi. Waridi ni zuri, lakini kumbi zetu za harusi zimejaa mawaridi ya plastiki yaliyosafiri bahari nzima, na wewe unaishi katika mojawapo ya wilaya mbili ambazo kahawa inaanzia mlangoni. Finyanga tawi la kahawa. Watu wa Karagwe, na wa Kyerwa iliyomegwa humo mwaka 2012, wamesomesha watoto kwa tawi hilo. Linastahili kukaa sebuleni.

Kata tawi halisi uliweke mbele yako, kwa sababu kumbukumbu yako itakudanganya. Utaona mambo ambayo mtu huyapita shambani miaka yote bila kuyaona. Matunda hayaning'inii ovyo. Yanabanana kwenye vifundo, na kwenye kila kifundo majani hutoka mawili yakitazamana. Tunda la kijani, la manjano na jekundu huweza kukaa kifundo kimoja, kwa hiyo usiyapake yote rangi nyekundu ukadhani umependezesha. Mkulima atajua papo hapo kwamba hujawahi kuchuma. Na kila tunda lina kidoti nchani, pale ua lilipodondokea. Kibonyeze kwa kijiti cha meno. Kidoti hicho ndicho kitakachomfanya mgeni anyooshe mkono.

Jani lisikusumbue, kwa kuwa lipo tayari. Tandaza kauri kwa chupa ya soda mpaka iwe nyembamba, ilaze juu ya jani halisi la kahawa upande wa chini, ambako mishipa imejitokeza, bonyeza taratibu, kata pembezoni, bandua. Kahawa ya robusta ina jani kubwa lenye mawimbi, kwa hiyo liache likaukie juu ya kitu kilichopinda, si juu ya meza. Kikonyo ni waya wa kufungia nondo. Uzungushie karatasi laini yenye gundi kwanza, kwa sababu kauri husinyaa ikikauka na waya hausinyai, na hapo ndipo nyufa huzaliwa. Kusinyaa huko ukuhesabu tangu mwanzo: finyanga kila kitu kikubwa kidogo kuliko unavyokitaka.

Kahawa ikikuzoea, nenda kwa ng'ombe wa pembe ndefu, na usidhani umeanzisha jambo geni. Bweranyange, makao ya watawala wa Karagwe, palikuwa na hazina ya mifano ya wanyama. Mmoja wao, Rumanyika, aliyempokea msafiri Speke mwaka 1861, alitembelewa pia na msafiri Stanley mwaka 1876, na Stanley akaandika kwamba aliona humo bata wa shaba ya njano wenye mabawa ya shaba nyekundu, na ng'ombe wa shaba nyekundu wasio na vichwa. Wako mpe kichwa, maana pembe ndizo habari yenyewe. Ndani ya mwili weka karatasi iliyokunjwa na kubanwa kwa uzi, kwa kuwa donge nene la kauri hukauka nje na kubaki bichi ndani. Pembe zipitishie waya mmoja kutoka ncha hadi ncha ukipita kichwani, vinginevyo zitalala kabla hujamaliza mkia.

Senene nao wanafinyangika vizuri sana, wa kijani na wa kahawia, miguu ya nyuma ikitengenezwa kwa waya mwembamba. Usiwaweke kwenye sahani mwezi wa Novemba, msimu wa kuwala wale halisi. Nasema hivi nikiwa na huruma ya kweli kwa meno ya wageni wako.

Novemba ni mwezi mbaya kwa sababu nyingine pia. Kwenye miinuko hii inayopita mita 1,500, mvua za Septemba hadi Desemba na zile za Machi hadi Mei huleta unyevu ambao kauri haiupendi hata kidogo: jani ambalo Julai lingekauka kwa siku mbili litakaa wiki likiwa teketeke. Fuata majirani. Wakianika kahawa, hewa inatosha na kwako pia. Ila usiige yote. Kahawa inataka jua, kauri inataka kivuli na subira, igeuzwe kila siku, tena ndani ya nyumba, kwa sababu kiangazi hicho hicho kina vumbi jekundu linalopanda kila gari linapopita.

Rangi ukichanganya kwenye donge, tia kidogo kuliko jicho linavyotaka, maana hukolea ikikauka. Mwisho paka vanishi ya maji, mikono miwili. Ile ya mafuta ya kabati itageuza weupe kuwa manjano.

Ukianza kuuza, na wageni wa hifadhi za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, zilizopandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa mwaka 2019, ni wateja wa kufikiriwa, ambatanisha kikaratasi na kila kazi: futa vumbi kwa brashi kavu, usioshe, weka mbali na panya na mende, kwa maana ndani yake kuna wanga na wao wanaujua. Bei ihesabu siku za kukausha. Mnunuzi akisema, "Dada, si muhogo tu huu?" mkubalie kwamba ni muhogo, mpe tawi alishike mwenyewe, umwonyeshe kile kidoti, halafu umtajie bei ileile.