Kondoo wa Kati na Viti 33

Paukwa! Pakawa. Walikuwapo kondoo katika Visiwa vya Faroe, kwenye bahari ya baridi kati ya Norwei na Aislandi, ambako misitu haioti ila mapaa ya nyumba huota nyasi. Visiwa ni 18, na bwana wao alikuwa Bata Maji wa Copenhagen. Hakuwa katili, tusimsingizie. Alitaka tu wanakondoo wasome na kusali kwa lugha ya mabata, kisha akashangaa kwa nini matamshi yao ni mabaya.

Mwaka 1906 zizi likagawanyika. Kundi moja likasema, "Tubaki chini ya bawa, nje kuna upepo." Jingine likamfuata Dume wa Kirkjubøur, Jóannes Patursson, ambaye (maajabu hayo!) malisho yake yalikuwa ya mfalme. Hawa, Kondoo wa Kati, wakataka lugha yao shuleni na kauli katika mambo ya nyumbani. Si kuvunja, si kung'ang'ania. "Mwenda pole hajikwai," wakasema, na zizi likawacheka.

Vita vikaja, Bata akabanwa na mbwamwitu, na kondoo wakajiendesha miaka mitano bila yeye. Mwaka 1946 wakapiga kura. Waliotaka kuondoka wakazidi kidogo mno. Bata akalivunja baraza lao. Lakini mwaka 1948 akatoa nusu ya njia: mamlaka ya mambo ya nyumbani, yale yale ya Kondoo wa Kati!

Ungetarajia wabebwe mabegani. Wapi! Vibarua walikwishajitenga tangu 1925. Dume mwenyewe alikwishahamia kwa wafanyabiashara. Wenye haraka nao wakajenga ua wao mwaka huo huo wa 1948. Waliobaki waliambulia shukrani, na shukrani haziingii kwenye sanduku la kura.

Miaka ikapita, Kondoo wa Kati akizunguka na sera zake: kodi ya wastani, mnyonge asaidiwe, kila mmoja aachiwe dhamiri yake.

"Tamu, bibi," wapiga kura humjibu. "Lakini si ndiyo hayo hayo wanayosema wote sasa?"

"Wameyatoa kwangu!"

"Basi umefanikiwa. Hongera."

Baraza lina viti 33. Mwaka 2019 alipata kimoja. Desemba 2022, hata hicho hakikuonekana.

Julai 29 iliyofuata, sikukuu ya Ólavsøka, wakuu waliandamana Tórshavn kwenda kufungua baraza. Kondoo wa Bawa, yule wa kuogopa upepo, alisimama ndani na kuapa kwamba mamlaka ya nyumbani hayataguswa na yeyote.

"Meee!" akaitikia Kondoo wa Kati kutoka mlangoni, kwa furaha ya kweli.

Bawabu akamgeukia. "Samahani, bibi. Humu wanalia wajumbe tu."