Tatizo Dogo Tu

Mwingereza hulia kwa mnong'ono. Tarehe 24 Juni 1982, angani karibu na Java, rubani Eric Moody aliwaambia abiria kuna tatizo dogo: injini zote nne zimezimika. Majivu ya volkano ndiyo yalizizima. Baadaye zikawaka, ndege ikatua Jakarta. Alipunguza chumvi, lakini idadi ya injini hakuificha.

Sisi wa Mbita, kando ya Ziwa Victoria, tumelelewa na pakruok, majigambo ya Wajaluo: unatoa hela, kinubi cha nyatiti kinanyamaza, unajisifu mpaka jasho likutoke. Unyenyekevu huo wa Kiingereza tungeutoa wapi? Ofisini, bila shaka. Tuta la kwenda kisiwa cha Rusinga, la miaka ya 1980, liliziba mlango wa ziwa, maji yakatuama miongo mitatu kabla daraja halijajengwa. Kwa Kiingereza cha ripoti, hizo ni changamoto kadhaa za kimazingira. Gugumaji likifunga ufuo, mitumbwi ikakwama, huo ni usumbufu kiasi. Ila siku ya kukata utepe, mwandishi yuleyule wa ripoti hurudia pakruok, na safari hii halipi hata senti.

Ndugu msomaji, ukikuta ripoti imeandika "kiasi", teremka ufuoni ukawaulize wavuvi ni kiasi gani.