Winchi na Ukoo Wake

Kijana aliyekuwa akining'olea nanga kapata bodaboda. Simlaumu. Kwenye boti alikuwa akivuta mnyororo wenye tope la bandari ya Tanga mpaka kope zinabadilika rangi. Kwenye pikipiki anakaa kitako na anapokea hela papo hapo. Ila nanga haikupata bodaboda. Bado ina kilo 15, bado iko chini, na mgongo uliobaki ndani ya chombo ni wangu, ambao daktari ameukataza hata ndoo ya maji.

"Nunua winchi ya umeme," wakaniambia barazani. "Unabonyeza tu, nanga inapanda." Nikawatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyewahi kumiliki hata ngalawa.

Boti yangu ni ya faiba, mita 9, napeleka wageni kuvua. Ninapotia nanga pana kina cha mita 5 maji yakipwa. Siku za bamvua bahari ya huku inapanda karibu mita 4, basi ikijaa nina mita 9, na omo yenyewe iko mita moja juu ya maji. Jumla 10. Mnyororo unatakiwa uwe angalau mara 4 ya hapo ili nanga ivutwe kwa kulala, isivutwe kwenda juu ikang'oka usiku watu wamelala. Mita 40, basi. Wapo wanaosema tumia amari ya nailoni, nyepesi, haichoshi. Waende nayo kwenye matumbawe, kisha waje wanionyeshe kilichorudi. Mnyororo wa milimita 8 una kilo 1.4 hivi kwa mita. Mita 40 ni kilo 56, na nanga yake 71. Wauzaji wanashauri winchi yenye uwezo wa kuvuta mara 3 ya uzito huo, yaani kilo 213.

Nikampigia Mama Salma hesabu yote hiyo. Akauliza bei tu. Nikamtajia.

"Baba Salma," akasema, "kwa hela hiyo si ungemnunulia yule kijana pikipiki yake mwenyewe, akawa anakung'olea nanga alfajiri kabla hajaenda kijiweni?"

Hoja hiyo sijaijibu mpaka leo.

Kuchagua nako ni adhabu. Waingereza wana Lewmar, Waitaliano wana Quick na Lofrans, watu wa New Zealand wana Maxwell, na kila mmoja ana za wima na za mlalo. Ya wima inaonekana nadhifu juu ya sitaha, mnyororo unazunguka nusu duara kwenye roda lake na kushikwa vizuri, lakini mota inaning'inia chini, kwenye nafasi ambayo boti ndogo haina. Ya mlalo inakaa juu yote na mota yake, mnyororo unashikwa robo duara tu, na kila apitaye omo anaipiga kwa muundi. Nikachukua ya mlalo. Miundi ninayo miwili, nafasi chini ya sitaha sina hata moja.

Hapo nilidhani nimenunua winchi. Kumbe ni kama kuoa kwenye ukoo mkubwa: bibi harusi anaingia mlangoni, nyuma yake wamepanga mstari mashangazi, na kila shangazi ana madai yake.

Shangazi wa kwanza ni mnyororo. Ule niliokuwa nao ni wa duka la vifaa vya ujenzi, pete ndefu ndefu, mzuri kwa kufungia geti. Roda la winchi lina vishimo vilivyokatwa kwa kipimo cha pete maalumu. Pete isiyokaa kishimoni inaruka, mnyororo wote unarudi baharini kwa kelele na wewe unarudisha vidole vyako haraka kama bado unavihitaji. Wenye minyororo ya milimita 10 wana msiba zaidi. Ya kipimo cha Kijerumani, DIN 766, na ya kipimo cha kimataifa, ISO 4565, kwa macho ni ile ile, lakini pete ya Kijerumani ina urefu wa milimita 28 ndani na ya kimataifa 30. Milimita 2 hizo zinatosha kugombanisha mtu na mashine yake maisha yote. Mimi wa milimita 8 niliuepuka ugomvi huo, si bei.

Halafu umeme. Fundi niliyemwita ni hodari wa nyumba. Amefunga taa mitaa mizima. Alikuja na roli la waya wa milimita za mraba 2.5 begani.

"Mzee wangu, huu unabeba mpaka pasi."

Ni kweli unabeba pasi. Pasi ya wati 1,000 kwa volti 230 za nyumbani inakula ampea 4 na ushei. Winchi ya wati hizo hizo kwa volti 12 za betri inataka ampea 83. Fundi aligawanya kwenye simu yake, akagawanya tena, akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeipanga bei ya ampea. Betri zangu ziko tezi, chini karibu na injini, na winchi iko omo. Waya ukipinda unakopinda ni mita 10, na umeme hauendi bila kurudi, kwa hiyo 20. Ukipitisha hata waya wa milimita za mraba 10, ambao dukani wanakukatia kwa heshima, volti karibu 3 zinapotelea njiani na mota inabaki inaguna. Tukaishia kwenye waya wa 35, mnene kama kidole. Shaba tupu. Siku tunaupitisha, kila anayepita ufukweni anauliza unauzwa kilo bei gani.

Karibu na betri tukafunga saketi breka, ile swichi inayojikata yenyewe mzigo ukizidi. Hii sikulalamika. Waya wa namna ile ukiguswa na chuma bila kinga hauchomi fyuzi, unachoma boti.

Sitaha ya faiba nayo si faiba tupu. Yangu ina plaiwudi katikati, imebanwa juu na chini, na ukiitoboa maji ya chumvi yanaingia kwenye ubao huo taratibu bila kukuaga, mpaka siku unakanyaga na mguu unazama. Ndiyo maana unatoboa tundu kubwa kuliko bolti, unakwangua plaiwudi pembeni, unajaza gundi ya epoksi, ikikauka unatoboa upya katikati ya hiyo gundi. Chini unaweka bamba pana ili nguvu isielemee nati nne. Mzee mmoja fundi wa kalafati, aliyeziba majahazi hapa kabla sijazaliwa, alikaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa akituangalia siku nzima.

"Mnatoboa, mnaziba, mnatoboa pale pale," akasema. "Mwanangu, nani kakuroga? Weka pamba na mafuta ya sifa."

Nikamwambia babu, huu ni utaratibu. Akasema babu zangu walikwenda Uarabuni na kurudi bila kitufe. Ni kweli walikwenda, na mabaharia tele wakivuta amari kwa nyimbo. Mimi nina fundi umeme na wageni wawili wenye kofia.

Kazi ilipokwisha ndipo nikapata nafasi ya kusoma kitabu cha maelekezo kwa utulivu. Kinasema: washa injini kabla ya kutumia winchi, betri zisiishe. Usitumie winchi kuivuta boti kwenda kwenye nanga. Isogeze boti kwa injini, winchi ikusanye mnyororo uliolegea. Usitumie winchi kung'oa nanga iliyonasa. Funga mnyororo kwenye nguzo ya sitaha, ing'oe kwa injini. Boti ikiwa imetia nanga, usiiachie winchi ibebe mzigo. Funga kamba ya nailoni kwenye mnyororo, kamba ndiyo ibebe. Nilirudia kusoma nikitafuta kosa la uchapaji. Nimenunua mashine ya nanga ambayo haivuti boti, haing'oi kilichonasa na haishikilii chombo. Mambo hayo matatu ndiyo yaliyonivunja mgongo.

Kilichobaki ni kuinua, na hicho inakifanya. Haki isemwe: nanga inapanda. Lakini mnyororo ukishuka kwenye kisanduku chake haujipangi. Unajilundika kilima chini ya tundu, kilima kinafika juu, na mnyororo unaofuata unakosa pa kwenda, unakwama. Boti kubwa zina kina cha kutosha hapo. Yangu ina kisanduku kinachotosha magunia mawili ya mkaa. Kwa hiyo mgeni anabonyeza kitufe, maana wageni wote wanataka kubonyeza, na mimi nimelala kifudifudi nimeingiza mkono kwenye kimlango, nasukuma kilima kwa kipande cha mti nikipiga kelele "Stop! Stop!" Wageni wanapiga picha.

Na tope. Yule kijana alikuwa akimwagia mnyororo maji kwa ndoo, mita kwa mita, ukiwa unapanda. Winchi haimwagi. Inapandisha bandari ya Tanga kama ilivyo, inaimwaga kisandukuni, pembeni ya mahali wageni wanapoweka mabegi, na jua la saa saba likiwaka harufu inatangulia boti kufika gati. Fundi umeme ameshanipa dawa: pampu ya kuoshea mnyororo, inavuta maji ya bahari, inafungwa omo, kitufe chake kando ya kitufe cha winchi.

"Ampea 10 tu, mzee wangu," anasema. "Hii sasa hata ule waya wangu wa pasi..."

Nimemwambia apige hesabu ya kwenda na kurudi kwanza, halafu bei akamtajie Mama Salma yeye mwenyewe.