Barua ya Wazi: Kuhusu Kijana wa Mita Tano

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi ya Shule,
Tallahassee, Florida.

YAH: TAARIFA KWA WAZAZI KABLA YA KUTAZAMA SANAMU

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Machi 2023 wanafunzi wenu wa darasa la sita walionyeshwa picha ya Daudi wa Michelangelo katika somo la sanaa. Mzazi mmoja akasema hiyo ni ponografia. Wengine wawili wakanung'unika kwamba hawakupewa taarifa. Mwalimu mkuu akatakiwa achague: ajiuzulu au afukuzwe. Mkafafanua, nami nawashukuru kwa ufafanuzi huo, kwamba sanamu yenyewe haina ubaya. Ubaya ni barua. Mwaka uliotangulia wazazi waliandikiwa, safari hii hawakuandikiwa. Mtu amepoteza kazi kwa karatasi ambayo haikuandikwa, halafu kuna wanaodai siku hizi maandishi hayathaminiwi.

Kwetu tuna methali kuhusu anayeficha uchi na kinachompata kwenye suala la uzazi. Siinukuu hapa, maana wazazi bado hawajaandikiwa.

Jumba la Accademia la Florence, anakoishi Daudi mwenyewe, liliwaalika mje na watoto mumwone ana kwa ana. Nimejitolea kuwaandalia rasimu ya ziara hiyo:

"Ndugu Mzazi/Mlezi, mwanao atapelekwa kumtazama kijana wa marumaru mwenye urefu wa mita 5.17, asiye na nguo. Tia alama ya vema panapohusika: (a) aone yote; (b) aone kuanzia kitovuni kwenda juu; (c) aone kisogo tu, kwa kutokea mbele." Kipengele cha (c) kina ugumu kidogo wa kijiometria, lakini bodi makini haishindwi.

Ugumu wa kweli uko njiani. Daudi alisimama nje, katika uwanja wa Piazza della Signoria, tangu 1504 hadi 1873, na leo nakala yake imesimama palepale. Kwa miaka 369 akina mama wa Florence walikatiza hapo wameshika watoto mkono, na hakuna aliyewatumia barua. Watoto wale, kwa masikitiko, waliishia kuwa Waitaliano.

Msijione wapweke katika kazi hii. Mwaka 1565, Michelangelo akiwa ameshazikwa, Daniele da Volterra alipewa kazi ya kuwachorea nguo watu wa mchoro wa Michelangelo wa Hukumu ya Mwisho, pale katika kanisa la Sistina. Aliifanya kwa uaminifu, na mji wote ukampa jina la fundi suruali, ambalo halijambanduka mpaka leo.

Kisha kuna London. Nakala ya plasta ya Daudi ilifika huko 1857, na ikatengenezewa jani la mtini, nalo la plasta, kubwa kama nusu mita. Enzi hizo, walipokuja wageni wa kifalme, jani lilitundikwa kwa kulabu mbili, walipoondoka, lilishushwa. Mpaka leo lipo katika jumba la Victoria and Albert, ndani ya kisanduku cha kioo, nyuma ya kibao alichosimamia Daudi. Mtoto anayezunguka huko nyuma hukuta jani peke yake, bila mti na bila mwenyewe, na swali la kwanza ni lilikuwa la nini. Hapo mwalimu analazimika kueleza kwa mdomo kile ambacho jani liliwekwa lisielezwe. Kama bodi inafikiria kuliazima, ifikirie na swali hilo.

Nimewapangia pia vituo ambavyo havitahitaji barua hata moja. Pale Bargello yupo Daudi wa Verrocchio, kijana wa shaba aliyevaa vizuri kabisa. Kati ya miguu yake kuna kichwa cha mtu, lakini yeye amevaa. Mkitoka hapo nendeni Uffizi mkamwone Judith wa Artemisia Gentileschi. Amevaa gauni la heshima. Mikono ya gauni imekunjwa, ni kweli, kwa sababu ameshika nywele za Holofernes kwa mkono mmoja na kwa mwingine anapitisha upanga shingoni mwake, huku damu ikitiririka kwenye shuka nyeupe. Mjakazi anamsaidia kumkandamiza. Naye amevaa.

Kwa hiyo atakayeandikiwa barua ni yule mmoja wa Accademia, ambaye hajamgusa mtu. Kombeo bado liko begani, jiwe halijarushwa, amekunja uso tu anaangalia pembeni. Yaliyofuata yamo katika Samweli wa Kwanza, sura ya 17, na nina hakika watoto wenu wameshayasoma, pamoja na mahali anapochukua upanga wa marehemu na kumkata nao kichwa.

Rasimu naiambatisha. Nawatakia kikao chema.

Wenu mtiifu,
Mzazi aliyevaa

Nakala: Goliathi, kwa taarifa.